Bambo na Gunia la Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliamka kabla ya jogoo, nikapiga pasi ya mkaa suruali ileile mara mbili. Nilikuwa karani mpya wa kizuizi cha mazao, nje kidogo ya Misungwi, barabara ya kuja Mwanza. Vijana mnaopakia mpunga na kwenda nao mtakako hamtaniamini, lakini enzi hizo gunia halikuvuka bila kibali. Kibali kiliandikwa nakala tatu, na mhuri aliushika Afisa Biashara peke yake.

Msimamizi wa Kizuizi, mzee mnene mwenye kicheko kikubwa, alinikabidhi bambo, kifimbo cha chuma chenye mfereji na ncha kali. Ukikidunga guniani kinatoka na punje za katikati.

"Mwenye gunia atakuapia," alisema. "Wewe uliza bambo."

Nilimpenda yule mzee. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa kwa viazi vitamu, redio ikiimba dirishani, na madereva wote walitujua kwa majina. Nazikumbuka asubuhi zile kwa hamu mpaka leo, nasema bila aibu.

Asubuhi moja akaja Mama Kulwa, mwanamke wa makamo, akikokota baiskeli yenye gunia.

"Shikamoo mama. Umebeba nini?"

"Marahaba mwanangu. Pumba za kuku."

Nikadunga. Juu pumba, katikati mchele mpya mweupe.

Hakukana. Alisema dada yake amefiwa na mume kule Butimba, na watu wako matangani tangu jana. "Kwetu hatuendi msibani mikono mitupu. Na mchele huu nimeulima mwenyewe, kwenye majaruba yangu ya mpunga."

Msimamizi alikuwa amekwenda wilayani, hivyo uamuzi ulikuwa wangu. Ningeweza kuinua mti ule wa kizuizi. Nilitaka kuuinua. Badala yake nikasema, "Mama, si mimi. Ni serikali."

Akatazama barabara, huku na huku. "Iko wapi, nizungumze nayo?"

Nilishusha gunia. Akaenda msibani na baiskeli tupu. Mchele ulikaa stoo ukisubiri maelekezo, hadi panya walipojipa kibali wenyewe.

Msimamizi alinisifu, na miaka miwili baadaye nikahamishiwa ofisi ya leseni, Mwanza mjini. Mkuu wangu huko, Afisa Leseni, alikuwa mtu mwema aliyependa mafaili kuliko chakula. "Mwananchi akiachwa ajiamulie," aliniuliza siku moja, kwa dhati kabisa, "sisi tutafanya nini?"

Nilicheka, lakini swali halikuniacha. Nikaanza kuwarudisha watu waliokuja kuomba ruhusa ya mambo yasiyohitaji ruhusa. Mama mmoja wa Kiseke aliyetaka kukaanga samaki mlangoni kwake nilimwambia, "Nenda kakaange. Ila ukimlisha mtu samaki aliyeoza, utajibu wewe, si mimi." Alinitazama kama nimemtukana, kisha akaondoka mbio kabla sijabadili mawazo.

Baadaye ukaja waraka, vizuizi vikang'olewa. Kosa la Ijumaa likawa biashara ya Jumatatu.

Msinielewe vibaya. Serikali naitaka: mwizi akamatwe, mgogoro wa mpaka wa shamba uamuliwe kwa haki. Lakini jasho la mtu ni lake, na anayemzuia asitumie jina la serikali kama blanketi la kujifunika. Mkono uliodunga gunia lile ulikuwa wangu.

Nilipostaafu nilikwenda kumtafuta Mama Kulwa. Nilimkuta amezeeka, macho hafifu, akipepeta mchele uani. Nikajitambulisha, nikaomba radhi kwa gunia lile la msibani.

"Hilo nilisamehe zamani," alisema. "Pale msibani majirani walichanga, watu wakala. Ila msimu uliofuata nililima majaruba mawili tu, ya kunitosha mimi na wanangu. Mengine nikayaachia nyasi. Nilime mengi ya nini, uje udunge magunia yangu? Na majirani zangu wakafanya vivyo hivyo."

Nikaukumbuka mwaka huo. Mjini mchele ulikuwa haba, na wakubwa wakataka taarifa kutoka kizuizini ieleze kwa nini. Taarifa ilisema wakulima wa eneo letu ni wavivu. Niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.