Neno la Leo Limemlenga Nani?

Jumamosi nikiwa saluni Temeke nangoja zamu yangu, dada aliyekuwa anasukwa alisoma simu yake kwa sauti. Wifi yake hutuma neno gumu la Kiswahili kila asubuhi kwenye grupu lao la marafiki. La siku hiyo: "Sabasi ni mtu anayechonganisha wenzake."

"Kanilenga mie huyu," akasema, kabinua mdomo.

Msusi akaacha kusuka. "Grupu lina watu arobaini. Umejuaje ni wewe?"

"Kwani habari zake nani mwingine alizipeleka kwa mama mkwe?"

Msusi akaendelea kusuka. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani, nikafungua grupu letu, maana nasi hutumiwa neno kila siku. Neno la leo: "Mdakuzi ni mtu anayefuatilia yasiyomhusu."

Nani kawaambia nilikuwa saluni?