Tone Safi Puani mwa Mama Yohana

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji wa ubongo, nilisimama kando ya meza ya vyombo na Daktari Bingwa akaniambia neno moja tu: "Tulia." Nilikuwa muuguzi, nimehamishwa kutoka Babati kwenda hospitali kubwa, na sikuwahi kuona uvimbe ukitolewa chini ya ubongo kwa kupitia puani. Kamera nyembamba huingizwa kwenye tundu la pua, mfupa huchongwa, kisha uvimbe hukwanguliwa taratibu, jirani kabisa na mishipa ya macho. Nilitulia, na baada ya muda kazi nikaijua.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi ni Mama Yohana, mkulima wa Mutuka. Alikuwa amebadilisha miwani mara tatu, na bado aligonga mabega milangoni kwa kutoona pembeni. Bingwa alimtoa uvimbe, akabakiza kipande kilichong'ang'ania mshipa mkubwa wa damu. Daktari msaidizi alitaka kuendelea.

"Hapana," Bingwa alisema. "Hicho tutakifuatilia kwa picha. Huyu mama anatakiwa arudi shambani."

Kesho yake nilikuwa zamu ya wodini. Mimi na mwenzangu tulisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Mama Yohana, akiangalia mbele tu, akatuona sote, akatabasamu. "Sista, kumbe mko wawili!"

Siku ya tatu nilikuta mto wake umelowa. Daktari msaidizi akasema ni mafua. Sikuridhika.

"Mama, keti. Inama kidogo."

Tone safi kama maji likadondoka puani, kisha jingine. Yalikuwa maji ya ubongo, na yanapopata pa kutokea, vijidudu navyo hupata pa kuingilia. Nikampigia Bingwa mwenyewe.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Daktari."

"Mwandae. Nakuja."

Alikata kipande kidogo cha mafuta ya mwili pajani mwa mgonjwa, akaziba ule upenyo. Haukuvuja tena. Kwenye kikao cha asubuhi alimwambia msaidizi wake mbele yetu sote: "Sista akikuita, nenda ukaangalie."

Sasa nimestaafu, niko Nakwa na mahindi yangu. Mama Yohana bado analima. Wauguzi vijana hunipitia, "Shikamoo, Bibi," kisha huniuliza nilijuaje kitu ambacho daktari hakukijua.

Nawajibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa namtandikia kitanda.