Samaki wa Shimo la Matofali

Nilipopelekwa Kang'ata kufundisha sikuwa na cheti. Nilikuwa mmoja wa wale tuliomaliza darasa la saba tukapewa chaki kwanza, ualimu wenyewe tukajifunza njiani: asubuhi mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, alasiri ni mwanafunzi kama wao. Mwisho wa mafunzo, Mwalimu Mkuu alitakiwa aandike neno lake juu yangu. Likiwa jema, napata cheti. Likiwa baya, narudi Mazinde, kwenye kambi ya mkonge nilikozaliwa, nikaanike katani juani pamoja na mama yangu, ambaye alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake hatashika tena kitu kizito kuliko chaki. Nililikumbuka neno hilo kila nilipomwamkia Mwalimu Mkuu, na shikamoo zangu zilikuwa ndefu kuliko za walimu wengine.

Alikuwa mtu mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele atanikasirisha, na mimi hasira zangu ziko karibu. Shati lake lilipigwa pasi ya mkaa kila siku, hata siku za palizi, na hakuwa mwepesi wa bakora. Kilichomnyima usingizi ni mradi. Siku zile za ujamaa kila shule ilitakiwa ijitegemee. Shule ya jirani walikuwa na kuku, nyingine walikuwa na mizinga ya nyuki. Sisi tulikuwa na bustani ya mchicha, ambayo mbuzi wa kijiji waliifanya mali ya umma kabla hatujavuna hata fungu moja.

Nyuma ya shule palikuwa na shimo kubwa, pale tulipochimba udongo wa kufyatulia matofali. Masika yalipoingia likajaa maji, na vyura wakahamia bila kuuliza ruhusa ya mtu. Asubuhi moja watoto wangu wakaja mbio kuniita. Ukingoni mwa maji palikuwa na utando mzito wenye vidoa vyeusi, kama mlenda ulionyunyiziwa pilipili manga. Somo letu la sayansi muhula ule lilikuwa kukua kwa viumbe, na kitabu tulikuwa nacho kimoja tu, ukurasa wa chura umechanwa na mtu aliyetaka kusokotea tumbaku. Nilifurahi sana kuyaona yale mayai.

Basi kila siku baada ya mchakamchaka tulikwenda shimoni kutazama. Mayai yakaanguliwa, vikatoka viluwiluwi vyeusi, vichwa vikubwa na mikia. Ili wasisahau, niliwaigizisha. Mstari wa mbele walikuwa mayai, wamejikunyata chini kimya. Wa pili viluwiluwi, mikono imebanwa ubavuni, wanatikisa makalio. Wa tatu wameota miguu ya nyuma, mikono bado imebanwa. Wa nne vyura kamili, wanaruka. Kila mtu alitaka kuwa wa mstari wa nne na hakuna aliyetaka kuwa yai. Mama mmoja akaja shuleni kunishitaki: mwanawe alitumwa maji, akajibu kwamba hawezi kubeba ndoo, miguu yake ya mbele bado haijaota. Nilimwambia mama huyo ampe muda, akaniambia muda alikwisha kumpa, na fimbo pia.

Kulikuwa na binti mmoja mbishi kuliko wote. Nilifundisha kwamba mkia wa kiluwiluwi haudondoki, hupungua kidogo kidogo mpaka ukaisha. Hakuniamini. Alikuja na kifumbu cha mama yake cha kuchujia tui, akawa anachekecha maji ya shimo akitafuta mikia iliyodondoka. Alitafuta mpaka kifumbu kikatoboka. Akaniambia kwa masikitiko kwamba inaelekea nilisema kweli. Nilimpenda sana kwa hilo, ingawa mama yake hakunipenda hata kidogo.

Sasa Mwalimu Mkuu naye akawa anapita shimoni akienda nyumbani. Alizaliwa bara kabisa ya Handeni, kule ambako hata maji ya kunywa ni habari. Samaki alimjua akiwa ndani ya gunia la duka la Mhindi, mkavu, bapa, hana macho, ananuka. Samaki mbichi, anayeogelea, hakuwahi kumwona. Alichoona pale ni kitu kinachoogelea chenye mkia, tena kingi. Hakumwuliza mtu. Kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya Katibu Kata, akasimama akatangaza kwamba shule yake imeanzisha mradi wa samaki, tena kwa nguvu zake yenyewe, bila kuomba msaada wa mtu. Akapigiwa makofi. Katibu Kata akasema mvua zikipungua atakuja kuonja. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, nikavuta khanga nikajifunika uso.

Kesho yake nilimweleza, kwa adabu zote, kwamba wale ni vyura wachanga. Mazinde tulikuwa tukivua perege mtoni tangu nikiwa na meno ya utoto, kwa hiyo nilijua nisemalo. Alinitazama kwa huruma. Akasema kwamba yeye ni Mwalimu Mkuu na mimi sina cheti, kwamba chura humjua vizuri sana na chura hana mkia, na kwamba tangu siku hiyo darasa la tatu lisome habari za panzi. Nikasema ndiyo, mwalimu. Kisha nikatoka nikaendelea na chura. Watoto walikwisha kuona miguu ya nyuma kwa macho yao, ningewezaje kuwaambia sasa tunahamia kwa panzi?

Katibu Kata alikuja siku yenye jua kali, juu ya baiskeli, kikaango cha mkewe kimefungwa nyuma. Mfukoni alikuwa na ndimu mbili na chumvi ndani ya karatasi. Mwenyekiti wa kijiji alifuata kwa miguu. Wanafunzi wote wakapangwa kuzunguka shimo, wakaimba wimbo wa kujitegemea, na Mwalimu Mkuu akaanza hotuba. Maji yalikuwa yamepungua. Alipofika mahali pa kusema kwamba samaki ni afya ya taifa, samaki wa kwanza alipanda ukingoni, akatulia kidogo, akamtazama Katibu Kata, halafu akaruka kuelekea shamba la mihogo.

Vichwa vya watoto wote vikamfuata.

“Mwalimu Mkuu,” Katibu Kata akauliza, “samaki wako anakwenda wapi?”

Mwalimu Mkuu akajaribu kuendelea na hotuba. Wa pili akapanda, na wa tatu. Yule wa tatu alikuwa na miguu minne na kipande cha mkia, na nadhani huyo ndiye aliyemmaliza. Niliona jasho likishuka kwenye lile shati lililonyooshwa. Na hapo, mtu mzuri yule, akanyoosha kidole akanionyesha mimi. Akasema mwalimu huyu asiye na cheti ndiye anayeshughulikia mradi, na yeye amemwamini tu.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Lakini niliona pia uso wa Katibu Kata unavyokunjamana, na nikajua kwamba mtu mzima aliyebeba kikaango maili zote zile juani mbele ya watoto wanaoziba vicheko atataka mtu wa kuilipia aibu hiyo. Moyoni nilimwona mama yangu, kule Mazinde, anasogea kidogo kwenye kamba ya katani ili kunipisha. Ndipo nikakumbuka kwamba baba yangu ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, na Katibu Kata ni Mzigua. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu mababu wa kwetu walipokuwa wakipita nchi hii na mizigo kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi. Mtani aweza kukunyang'anya kofia msibani, na ukinuna, wewe ndiye mwenye aibu.

“Mtani wangu,” nikasema, “nilisikia Wazigua hamjui samaki wala chura. Nikasema nihakikishe. Kumbe umekuja na ndimu kabisa.”

Mwenyekiti akaangua kicheko cha kwanza. Katibu Kata alihangaika na uso wake, unataka kukasirika na mila inaukataza. Mwishowe akacheka, akacheka hata akashika kikaango kisianguke. Lakini utani una malipo yake. Akatoa ndimu moja, akanikabidhi, akasema kwamba Wanyamwezi anawajua, hawachagui mboga, kwa hiyo nimvue mmoja, nimtie chumvi, nile yeye akitazama. Watoto wakapiga kelele. Mimi nikaishika ile ndimu, na nakiri nilianza kuangalia yupi ni mdogo zaidi, maana nilikuwa tayari kula chochote kwa ajili ya kile cheti.

Yule binti mbishi akatoka kwenye mstari bila kuitwa. Akasimama kati yangu na yule chura mwenye kipande cha mkia.

“Shikamoo, mzee,” akasema. “Mwalimu asimle huyo. Bado ana mkia, hajamaliza.”

Katibu Kata akauliza hajamaliza nini. Binti akamweleza. Alianzia kwenye mayai, na alipokosa neno akajikunyata chini kulionyesha, na nyuma yake darasa zima likajikunyata pia. Wakawa viluwiluwi, wakatikisa makalio mbele ya Katibu Kata wa chama. Wakaota miguu ya nyuma, ya mbele, wakaruka. Hakuna aliyegombania mstari wa nne. Katibu Kata akauliza mkia unakwenda wapi, na binti akajibu kwamba haudondoki, yeye mwenyewe ametafuta, chura anautumia mwilini mpaka unakwisha. Akaongeza kwamba hilo lilimgharimu kifumbu. Nilisimama pale na ndimu mkononi nikaona fahari ambayo sijaiona tena hata siku niliyoolewa.

Katibu Kata aliondoka na kikaango chake kitupu, akidai kwamba mimi, mtani wake, nina deni la jogoo. Watoto wakatawanyika. Tukabaki wawili shimoni, mimi na Mwalimu Mkuu, na nikajua kwamba kicheko cha Katibu Kata hakikuandika chochote. Kalamu bado ilikuwa kwa yule niliyemwaibisha mbele ya kijiji kizima. Alikaa juu ya rundo la matofali mabovu, hakujali shati. Nikamsubiri aseme.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya chini, “na samaki mwenyewe, miguu yake huota lini?”

Hasira yangu yote ikaniishia. Nikakaa juu ya matofali kando yake, nikamwambia kwamba samaki haoti miguu, hubaki hivyo hivyo majini mpaka kufa kwake.

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja, mwalimu.”

Akatikisa kichwa. “Maskini,” akasema. Kisha akajipapasa mfukoni, akatoa kalamu, akaniuliza jina langu la ukoo linaandikwaje.