Taa ya Injini na Mafundi Wasiogusa Gari

Nimefanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kumwandikia mama dawa kabla sijamgusa tumbo. Labda ndiyo sababu mafundi magari walinikera kuliko watu wengine wote niliokutana nao baada ya kustaafu.

Mimi na mume wangu tunaishi Ulemo, tunalima alizeti, na tuna gari dogo la mtumba linalotupeleka hospitali Kiomboi, kanisani na kwenye misiba. Asubuhi moja tukitoka Misigiri, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ile ya manjano. Gari halikukohoa wala halikupungua nguvu. Lakini siku zile lilianza kunywa mafuta kupita kawaida, na ukisimama nyuma yake, moshi ulinuka petroli.

Fundi wa kwanza nilimkuta pale Misigiri. Hakufungua hata boneti. Aliinama dirishani akaitazama taa.

"Hizi gari zina wasiwasi tu, mama," alisema. "Zimetengenezwa kwa barabara za kwao."

Akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa, akajifuta mikono kana kwamba ametoka kufanya upasuaji.

"Mgonjwa akiwa na homa unavunja kipimajoto?" nilimuuliza.

Akacheka. Alidhani namtania. Tepu niliibandua mwenyewe njiani.

Wa pili alikuwa Kiomboi, na huyu alikuwa na mashine ya kupimia, kadude anakokachomeka chini ya usukani kakasoma ugonjwa. Kalimwambia ni sensa ya oksijeni. Akanieleza vizuri kwamba sensa ile imechomekwa kwenye bomba la moshi kama pua, inanusa moshi, kisha inaiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. "Sasa pua imekufa," alisema. Nilimheshimu kwa muda wa dakika tano hivi. Akafunga sensa nyingine, akaizima taa kwa mashine yake, nikaondoka. Sijafika Ulemo, taa ikawaka tena.

Nikarudi kesho yake. Akachomeka kadude kake, kakasema maneno yaleyale.

"Basi na hii niliyofunga ni mbovu," alisema. "Tuweke nyingine."

"Na hiyo nyingine nayo ikifa?"

"Hapo itakuwa bahati, mama."

Bahati. Mtu amevaa ovaroli, ana mashine mkononi, na tiba yake ni bahati. Nilichukua funguo zangu bila kumuaga, na mimi ni mtu wa kuaga.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anauza vifaa vya simu Singida mjini, na ufundi wa magari ameusomea kwenye video. Jumamosi moja alifika nyumbani na fundi wake, na mashine ya kukatia vyuma.

"Shemeji, tatizo ni masega," alisema kabla hajakaa.

Masega ni lile kopo lililo kwenye bomba la moshi, ndani lina vitundu vidogovidogo kama vya nyuki, na kazi yake ni kupunguza sumu kabla moshi haujatoka. Kwa maelezo ya shemeji, yalikuwa yameziba, na yakikatwa gari litapumua. Mume wangu ni mpole, alikuwa ameshakubali. Nilipotoka jikoni, fundi alikuwa amelala juu ya gunia chini ya gari.

"Umejuaje kama yameziba?" nilimuuliza.

"Uzoefu, mama."

"Umepima na nini?"

Akamtazama shemeji.

"Na ukishayakata yanakwenda wapi?"

"Nayachukua tu. Ni taka."

"Basi utaniachia hizo taka, niziweke stoo kwangu."

Hapo shemeji akaanza habari za bei ya alizeti, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Baadaye nilisikia kwamba kuna watu wanayanunua kwa ajili ya madini yaliyomo ndani. Nikamwambia fundi atoke chini ya gari langu.

"Shemeji, unanidharau mbele ya watu," alisema mdogo wa mume wangu.

"Ndiyo," nikamjibu. "Nakudharau."

Mume wangu akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Jumatatu nilikwenda Kiomboi kwa mtu ambaye kwa kweli nilipaswa kuanza naye, na sababu ya kutoanza naye inaniaibisha. Ni mzee aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa kule hospitali nilikokuwa nafanya kazi. Kila asubuhi alikuwa akizunguka lile gari, akilisikiliza na kulipapasa, na mimi nilikuwa nikisimama barazani nikisema kwa sauti kwamba yule mtu ni mzito wa akili.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia tuliache gari lipoe kwanza. Tukanywa chai muda mrefu. Ndipo akauliza, "Taa ilianza lini? Na kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikakumbuka kwamba wiki moja kabla, bomba la moshi liligonga jiwe karibu na kwetu likaning'inia, nikalipeleka kwa mchomeleaji akalirudisha juu.

Mzee aliwasha injini ikiwa ya baridi, akanipa kitambaa kinene kilicholowa nikikandamize kwenye mdomo wa bomba kwa nyuma. Yeye akafungua boneti, akainamisha sikio. "Sasa kiache, njoo uone, na usikie," aliniita. Kwenye maungio ya bomba, karibu na injini, palikuwa na masizi meusi, na pakitoa sauti ndogo ya kupumua, che, che, che.

"Bomba lilipogongwa, gasketi ya hapa, ile pete ya kuziba maungio, ikapasuka," alisema. "Moshi unavuja hapa, na kati ya pumzi na pumzi hewa ya nje inaingilia hapohapo, kabla ya sensa. Sensa ikinusa hewa nyingi inadhani injini ina njaa, inaagiza mafuta yaongezwe."

"Lakini mashine ilitaja sensa."

"Mashine ilimtaja aliyelalamika. Haikusema nani kamkosea."

Akabadilisha gasketi, akakaza nati, akaizima taa. Tukaenda naye hadi Misigiri na kurudi, naye akisikiliza, dirisha wazi. Taa haikuwaka, na haijawaka tangu hapo.

Nilipomshusha kwake alisema, "Ulikuwa unasema nawachelewesha wagonjwa."

"Nilisema," nikakiri.

"Hatukuwahi kukwama njiani."

Msamaha sikuuomba kwa mdomo. Nilimpelekea dumu la mafuta ya alizeti wiki ile, akalipokea, akaniuliza habari za magoti ya mume wangu.

Shemeji, ili kunionyesha kwamba alikuwa sahihi, alikata masega ya gari lake mwenyewe. Sasa linanguruma hivi kwamba watoto wa shule wanaziba masikio, na taa yake ya injini haizimiki. Anasema ni sensa. Akija kututembelea namsikia tangu akiwa mbali, nami nabandika chai, kwa kuwa ni shemeji.