Mtafsiri wa Bunda na Binti wa Mfalme

Jambo la kwanza nililojifunza katika kazi ya picha, bila mwalimu, ni kwamba kamera haijui mtu. Inapima mwanga tu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe ukaiachia kamera iamue, itaupima ukuta, na uso utatoka kama shimo lenye meno. Kosa si la uso, ni la kipimo. Nimewaeleza hivyo wateja wangu wa Musoma kwa miaka mingi. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanasema, "Sawa mzee, lakini ning'arishe kidogo."

Naandika nikiwa na hasira, na sitajifanya sina.

Binti yangu amechukua ngozi ya mama yangu, nyeusi isiyo na wekundu ndani yake. Alipoingia sekondari wenzake walimpa jina la kitu cheusi cha barabarani. Sitaliandika. Siku moja nilimkalisha kwenye stuli ya studio ili nijaribu taa mpya, nikaona mashavu yake yamepauka kuliko masikio. Niliomba mikono. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kama kawaida, lakini migongo ya mikono ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo rangi naijua. Inakaa kwenye stuli yangu kila siku.

"Nani kakupa mkorogo wa kujichubua?"

"Shangazi."

"Lini?"

"Krismasi. Alisema nijaribu tu, baba."

Shangazi yake ni dada yangu mkubwa, anauza mitumba Bunda. Hana mtoto wa kike, na huyu wangu anampenda kuliko anavyotupenda sisi sote. Nilimpigia simu papo hapo.

"Dada, umempa mtoto sumu."

"Sumu gani? Mimi mwenyewe nilikuwaga napaka, nimekufa?"

"Ina zebaki ile. Ileile wanayooshea dhahabu machimboni."

"Basi na yeye atatoka dhahabu," alisema, akacheka peke yake. Alipoona sicheki akabadilisha sauti. "Mdogo wangu, wewe ni mwanaume. Huwezi kujua mtoto wa kike mweusi anavyotazamwaga akiingia mahali. Mimi najua. Niache."

Nilimtolea binti yangu maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma juu ya figo na ngozi. Nilimwonyesha picha. Alisikiliza, akaitikia, akaendelea kupaka kwa kujificha. Kilichomwachisha hakikuwa mimi. Ilikuwa filamu, tena filamu ambayo ilikuwa haijatoka.

Watengenezaji wa huko nje walitangaza kwamba ile hadithi ya kale ya binti wa mfalme anayefukuzwa nyumbani na kurudi akiwa malkia, ambayo watoto wetu wote wameiona kwa katuni, sasa itaigizwa na watu halisi. Walitoa kipande kifupi cha kuonjesha. Katika katuni binti yule ni mweupe mwenye nywele za njano. Katika kipande kile, mlango wa kasri unafunguliwa, na anayetoka ni msichana mweusi. Si maji ya kunde. Mweusi.

Binti yangu aliniletea simu nikiwa nakata picha za pasipoti. "Baba, tazama." Nilitazama. Alikirudisha mwanzo, nikatazama tena. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayehofia kukosea, "Ana rangi yangu."

Hakutangaza kwamba ameacha mkorogo. Mimi niliona. Kila alipopita chini ya taa ya studio niliona shavu linarudi kwenye rangi ya sikio. Nilinyamaza, maana niliogopa kwamba nikisema kitu nitakiharibu. Lakini nilielewa kilichokuwa kinangojewa nyumbani kwangu. Hakuwa anangoja burudani. Alikuwa anangoja watu wamwone yule binti na wakubali kwamba ni mzuri. Wakikubali, na yeye atakuwa amepona. Wasipokubali, kopo jingine la mkorogo liko Bunda, linamngoja.

Tulingoja miezi. Musoma hatuna ukumbi wa sinema, kwa hiyo filamu inatufikia baada ya kuwafikia wengine wote, ndani ya flashi kutoka Mwanza. Tukiwa bado tunangoja, watu walianza kuihukumu. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye huegesha mbele ya studio yangu, alikiona kile kipande kwenye simu yake na kuingia kunipa taarifa.

"Mzee, wameiharibu hadithi. Si wangemwacha mwenyewe?"

"Mwenyewe yupi?"

"Yule wa katuni."

"Yule ni wino. Kamchora mtu mezani."

"Hata kama. Sasa mfalme mweusi anatoka wapi?"

Nilimtazama. Kijana huyu ni Mzanaki, amezaliwa Butiama, mweusi kuliko binti yangu. Babu wa babu yake alitawaliwa na mtemi, na mtemi huyo hakutoka Ulaya. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Hao watemi sio kwenye hadithi, mzee," akapata abiria wa Buhare, akaondoka.

Nilikwenda nikaazima kitabu cha zamani chenye hadithi yenyewe. Nilikisoma taratibu, na kamusi pembeni, kama ninavyosoma kila kitu cha Kiingereza. Binti anaitwa mzuri, anaitwa mwema, anaitwa mvumilivu. Hakuna sentensi inayotaja ngozi yake. Niliirudia ili niwe na hakika. Rangi waliiweka wachoraji, na sisi tukailinda kwa niaba yao, bila kutumwa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mzungu akilalamika kwamba binti si mweupe, naelewa anachotetea. Mtu wa kwetu Mara anatetea nini?

Filamu ilifika Bunda kabla ya Musoma. Dada alipiga simu kusema mtafsiri wa pale ataionyesha Jumapili baada ya misa. Kwa asiyemjua: filamu za nje kwetu haziangaliwi hivihivi. Yuko mtu, wengine humwita Dijei, anayekaa pembeni ya televisheni, kashika maiki, anaeleza kwa Kiswahili kila kinachotokea na kila kinachosemwa, na yasiyosemwa pia. Siku hizi wengi wanarekodi sauti zao kabisa, lakini huyu wa Bunda bado anafanya papo kwa papo, na watu wanalipa kumsikiliza yeye zaidi ya kutazama filamu. Binti yangu alitangulia kwa shangazi yake. Mimi nilipitia Butiama, nilikokuwa na kazi ya picha za kipaimara.

Hiyo kazi haikunituliza. Magauni meupe, jua la asubuhi, nyuso nyeusi: ukifuata kamera unapata magauni yanayotembea bila watu. Nilipima uso mmoja mmoja. Picha zilitoka na macho, na jasho la paji, na vinyweleo. Mama mmoja alitazama ya mwanawe kwenye kioo cha kamera akasema, "Mzuri, lakini utamtoa huo weusi, eti baba?" Alisema kama anayeniomba nifute tope.

Nikafika Bunda na hali hiyo.

Banda la video liko nyuma ya gereji, kuta za mabati, mabenchi ya mbao. Lilijaa, wengi wakiwa wasichana na watoto waliotoka kanisani na nguo zao za Jumapili. Binti yangu alikaa mbele na shangazi yake. Alikuwa amesuka nywele kama yule wa kwenye kipande cha kuonjesha. Mimi nilikaa nyuma.

Mlango wa kasri ulipofunguliwa na yule binti akatoka, mtafsiri alishika maiki akasema, "Jamani, umeme umekatika?" Akajifanya anaisogelea televisheni. "Aa, kumbe ni binti wa mfalme kaingia!"

Banda lote lilicheka. Watoto walicheka, mama zao walicheka. Dada yangu naye alicheka, mkono mdomoni.

Hakuishia hapo. Malkia mwovu alipomtukana yule binti, yeye aliongeza ya kwake: "Wewe na huo weusi, umetoka kulima pamba Bugwema?" Yule binti alimjibu malkia kwa maneno machache ya heshima kabisa, nami niliyasikia na kuyaelewa. Alisema, "Nitarudi, na utanifungulia mlango mwenyewe." Mtafsiri akasema, "Anasema, mama nisamehe, nitaoga!"

Nilisimama. "Wewe! Tafsiri alichosema!"

Watu waligeuka. Mtafsiri hakukasirika hata kidogo. "Mzee wa picha! Karibu. Kama Kizungu kipo, maiki hii hapa."

Walipiga makofi. Nilikwenda. Nilipita katikati ya mabenchi, nikachukua maiki, nikaanza kutafsiri. Nilitafsiri kwa usahihi. Kila sentensi niliisikia, nikaipima, nikaisema. Lakini kabla sijaimaliza, midomo kule kwenye kioo cha televisheni ilikuwa kwenye sentensi ya tatu. Mfalme akafa mimi bado niko kwenye karamu. Mtu akapiga mluzi.

"Padri, misa imekwisha saa nne!" alisema mmoja.

"Mzee anasoma waraka kwa Wakorintho!"

"Rudisha Dijei wetu!"

Niliendelea. Sauti yangu ilipanda. Nadhani niliacha kutafsiri, nikaanza kuwagombeza kwa maiki: kwamba wajitazame mikono yao, kwamba wanamcheka nani. Spika iliunguruma. Watoto wadogo waliokuwa mbele walinitazama wakiwa wamefungua midomo.

Binti yangu alisimama. Alisema, si kwa nguvu, lakini maiki iliidaka sauti yake na kuipeleka banda zima: "Baba, rudisha maiki."

Niliirudisha. Nilitoka nje nikasimama kati ya injini mbovu mpaka filamu ilipoisha. Vicheko vilinifikia hadi mwisho, kupitia mabati.

Nyumbani kwa dada hatukula vizuri. Binti alichukua sahani yake akaenda kukaa na majirani. Dada alinitengea ugali na sangara, akakaa mbele yangu.

"Umemwaibisha mtoto."

"Mimi? Si yule mpumbavu wa maiki?"

"Yule alimcheka mtu wa kwenye tivii. Wewe ulifanya banda zima limtazame mwanao. Kila mtu alikuwa anageuka, anamtazama yeye, halafu kioo, halafu yeye. Hukuona, ulikuwa unapiga kelele."

Sikuwa nimeona. Nilimwambia, "Na wewe ulicheka."

"Nilicheka. Ilichekesha." Alinisogezea sangara. "Kisha nikamtazama huyu mtoto pembeni yangu, hacheki. Nikaacha. Lakini nimekwambia tangu mwanzo: watu ndivyo walivyo. Ukimwachia hiyo rangi, mpe na ngozi ya kifaru ya kuibebea."

"Usimpe tena hiyo dawa."

"Akiomba?"

Nilisema, "Akiomba, niite kwanza." Dada alitikisa kichwa kama mtu aliyeombwa kitu cha kijinga.

Katika safari ya kurudi Musoma binti alichagua kiti mbali na changu. Siku zilizofuata alikuja studio baada ya shule kama kawaida, akapanga fremu, akafagia. Mimi nilimtazama chini ya taa, shavu na sikio, shavu na sikio, mpaka akaniambia, "Baba, acha kunipima." Kisha akasema jambo lililokuwa limemkaa moyoni. "Ile filamu hata wewe hukuitazama. Ulikuwa unamtazama mtafsiri."

"Alikuwa anaiharibu."

"Najua. Na mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nimeshajifunza kutomsikiliza, mpaka uliposimama."

Aliomba flashi. Nilipata nakala kwa kijana anayeuza filamu sokoni, nikaiweka kwenye kompyuta ya studio, mchana, biashara ikiwa imelala. Ilikuwa nakala isiyo na mtafsiri. Nilianza kumweleza maneno, naye akainua kiganja bila kugeuka. Nikanyamaza. Kiingereza chake ni kidogo, lakini alitazama bila kuhama. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nilimtazama yule msichana wa kwenye kioo. Waliompiga picha walijua kazi yao. Walimpima yeye, si ukuta. Hata gizani ngozi yake ilishika mwanga kwenye mfupa wa shavu na kando ya pua, na kila alichofikiri kilionekana.

Mteja aliingia katikati, mama wa makamo aliyetaka picha ya kitambulisho. Uso wake ulikuwa mwekundu na vifundo vyake vyeusi. Alisimama nyuma yetu akatazama kompyuta.

"Ndiye huyu wanayemsema? Yule binti wa mfalme?"

"Ndiye, mama," binti yangu alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mweusi hivi?"

Nilikuwa na hoja zangu zote tayari, zimepangwa: wino, kitabu, mtemi, zebaki. Nilifungua mdomo. Binti yangu alisimamisha filamu, akainuka, akavuta stuli mbele ya pazia.

"Ndiyo, mama, ni mweusi," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema mtu ni mrefu. "Karibu ukae hapa. Kidevu juu kidogo."

Mama yule alikaa, akainua kidevu. Binti akawasha taa, akanigeukia, akangoja nishike kamera. Nilibonyeza kabla sijalenga vizuri, na picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Nikapiga nyingine.