Besi Isiyosikika Kinole

Maisha yangu yote ya muziki nimepiga gitaa la besi katika nyimbo za watu wengine. Mwimbaji anakodi studio hapa Morogoro, naitwa, napiga, narudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Wimbo ukitoka redioni, mke wangu huuliza swali moja: "Na wewe, mzee, uko wapi hapo?" Mimi humwonyesha kwa kidole hewani. Yeye husikia mwimbaji, husikia ngoma, hata kikohozi cha mpiga tarumbeta hukisikia. Mimi hanisikii.

Nilipostaafu ualimu niliazimia kurekodi wimbo wangu mwenyewe, besi tupu, ili mwanamke huyu ajue mumewe yuko wapi. Sikuwa na lengo jingine.

Mwenye studio, huko Kilakala, alinipokea kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu. Mwimbaji anafika saa ngapi?"

"Marahaba. Hafiki."

"Mpiga ngoma je?"

"Naye hafiki."

Aliutazama mlango kwa muda, kama mtu anayetarajia wageni watakaomwokoa. Tukarekodi. Katika spika zake kubwa besi ilitetemesha maji ndani ya glasi. Niliyaona maji yale kwa macho yangu. Sikuambiwa na mtu.

Wakati huo mke wangu alikuwa kwao Kinole, mlimani, kwa shughuli ya ukoo. Nikamtumia wimbo kwa simu. Aliyenipigia ni kaka yake, mjomba wa wanangu, mtu ambaye neno lake katika ukoo ule halipingwi, kwa bahati mbaya.

"Shemeji, wimbo tumeupokea. Tunasubiri uanze."

"Umeshaanza."

"Basi umeshakwisha!"

Muda si mrefu habari zikateremka mlimani. Huko chini Mkuyuni ilisemekana nimerekodi kimya. Zilipofika mjini, kimya kilikuwa kimegeuka maradhi, na jirani yangu akaja kunipa pole na chungwa. Chungwa nililipokea, habari niliikataa. Sijapata kukubali neno kwa sababu tu limepita vinywani mwa wengi. Kesho yake nikapanda Kinole kwenda kusikiliza mwenyewe.

Nilimkuta mke wangu barazani, kando ya jamvi la karafuu, simu sikioni, uso umekunjamana kwa juhudi.

"Ni mzuri," alisema, kwa sauti ile anayoitumia kuwaambia wagonjwa kwamba wamenenepa.

"Kuku anadonoa bati," alisema shemeji. "Na hana njaa sana."

Nikaichukua simu. Kwa masikitiko nilithibitisha kwamba alikuwa kuku. Kispika kile kidogo hakikuweza kubeba sauti nzito. Kilipitisha mgongano wa kucha na nyuzi tu, besi yenyewe kikaiacha njiani. Nami, msomi mzima, niliridhika na spika za studio, nikausambaza wimbo kwa watu wasiokuwa na chombo kingine isipokuwa simu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya gulio Mkuyuni. Tuliteremka sote watatu kuuza karafuu, na hapo nikamwona muuza dawa ya panya, spika mbili kubwa kazifunga juu ya bajaji.

"Bwana mdogo, naomba uniwekee wimbo mmoja."

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi nauza dawa, sichezeshi disko."

"Mwekee," shemeji alidakia. "Panya wakisinzia, utawaua kirahisi."

Alikubali, kwa sharti kwamba ataendelea kutangaza bidhaa yake. Besi ikatoka. Sufuria za muuza vyombo wa jirani zikaanza kugongana. Mke wangu alitua kikapu chini, akaweka kiganja kifuani.

"Uko hapa," alisema hatimaye, akijipigapiga kifua. "Mbona unapiga hapa?"

Shemeji alikuwa anatikisa kichwa kufuata mapigo, akadai anafukuza inzi.

Ndipo muuza dawa aliposhika kipaza sauti. "Panya! Mende! Kunguni!" Lazima nikiri kwamba aliingia kwenye mapigo barabara, nimewasindikiza waimbaji wabovu kuliko yeye. Nikajisemea, basi, nimepata tena wa kumpigia.

Mke wangu alimgeukia, kidole juu.

"Wewe wa panya! Nyamaza kwanza. Mume wangu anaongea."

Akanyamaza. Panya wa Mkuyuni walipata nafuu mpaka wimbo ulipokwisha.