Karani wa Mataya

Ko! Mpaka leo Nyamhanga anausikia mhuri ule ukitua kwenye kibali cha shemeji yake, Magige. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, katika ofisi ya wanyamapori pale Bunda. Nyamhanga aliwinda tangu kabla ya Uhuru, lakini aliyeamua nani apewe kibali cha kuwinda nyamera msimu huo alikuwa karani mwenye mikono laini kama ya mwali. Kila mwindaji alimletea taya la mnyama aliyemuua msimu uliopita. Karani alilipokea kwa mikono miwili, akalipuliza vumbi, kisha akapitisha kidole gumba juu ya meno, polepole, amefumba macho. Magongo yake mawili ya kutembelea yaliegemea ukuta. Nyamhanga aliionea wivu mikono ile kuliko bunduki ya mtu yeyote.

"Huyu alikuwa bado ananyonya, mzee," karani alisema, akiliweka taya la Nyamhanga mezani. "Mwaka huu pumzika."

"Sasa ndugu karani, ningemuuliza umri kwanza ndipo nimpige?"

Magige alicheka. "Shemeji, wewe tangu zamani hukuwaga na macho! Usijali, nitakuletea mguu mmoja."

Alitoka na kibali chake akipiga mluzi. Nyamhanga aliokota kofia yake. Karani akamshika kiganja, akazipapasa sugu zake kwa kidole gumba kilekile, akatazama mlangoni kwanza.

"Mzee," alinong'ona, "mimi nawajua kwa meno tu. Nyamera wakikimbia wote pamoja, wanakuwaje?"